Maji Yanayobadilika Njiani: Vipimo Vinavyochukuliwa Papo Hapo

Mtahiniwa, soma kwanza swali hili kabla hatujaendelea.

Mwanafunzi alichota maji ya bwawa la samaki saa 12 alfajiri, akayatia katika chupa ya plastiki hadi nusu, akaipeleka shuleni kwa bodaboda. Saa 4 asubuhi akapima kiasi cha oksijeni iliyoyeyuka. Eleza sababu mbili zinazofanya matokeo yake yasiaminike. (Alama 4)

Wengi hujibu kwamba maji yalichafuka njiani, au kwamba chupa haikuoshwa vizuri. Majibu hayo hayapati alama. Chupa inaweza kuwa safi kabisa na kipimo kikawa kibaya vilevile.

Nalijua swali hili kwa sababu kosa hilo nililifanya mwenyewe, tena nikiwa tayari mwalimu. Jirani mmoja mfugaji wa sato alinijia asubuhi, akaniambia, “Mwalimu, wewe una maabara, nipimie maji yangu. Samaki wanatweta juu ya maji tangu alfajiri.” Alikuwa na maji nusu chupa. Nikayapima katikati ya vipindi, nikapata karibu miligramu 7 za oksijeni kwa lita. Nikamwambia oksijeni ipo ya kutosha, atafute ugonjwa. Akanunua dawa. Baada ya siku mbili alikuwa amepoteza zaidi ya nusu ya samaki wake. Sikukosea hesabu, wala kemikali zangu hazikuwa zimeharibika. Ila maji yaliyofika mezani kwangu hayakuwa tena maji ya bwawa lake.

Hapo ndipo penye mada yetu. Kuna sifa za maji, hewa na udongo ambazo hubadilika mara tu sampuli inapoondolewa mahali pake. Sifa hizo hupimwa hapohapo zilipo. Kitaalamu upimaji huo huitwa in situ, maneno ya Kilatini yenye maana ya mahali penyewe. Katika mtihani unaweza kuandika “upimaji papo hapo” ukaeleweka, lakini utakachopatia alama ni sababu, si jina.

Tuanze na oksijeni, maana ndiyo inayoulizwa zaidi na ndiyo yenye mengi. Oksijeni iliyoyeyuka katika maji ni kidogo sana. Maji baridi yasiyo ya chumvi, usawa wa bahari, kwenye nyuzi 0 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 14.6 kwa lita. Kwenye nyuzi 20 hubeba 9.1, na kwenye nyuzi 30 hubeba 7.6 tu. Kumbuka mwelekeo huo: joto likipanda, gesi huyeyuka kidogo zaidi. Watahiniwa huchanganya jambo hili na sukari au chumvi, ambazo nyingi huyeyuka zaidi maji yakipashwa moto. Mwinuko nao una neno lake. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo maji yake kwenye nyuzi 25 hushiba kwa miligramu 7 na kidogo, badala ya 8.3 za usawa wa bahari.

Sasa irudie safari ya ile chupa. Maji yalikuwa nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa hewa. Bodaboda ikayatikisa njia nzima. Maji yaliyokuwa na njaa ya oksijeni yakaichukua kutoka kwenye hewa hiyo mpaka yakakaribia kushiba. Ile “7” niliyoipata haikuwa habari ya bwawa, ilikuwa habari ya chupa iliyotikiswa. Hiyo ni sababu ya kwanza.

Sababu ya pili ni viumbe. Maji ya bwawa ya kijani yamejaa mwani. Chupa ikiwa juani, mwani hufanya usanisinuru na kuongeza oksijeni. Chupa ikiwa ndani ya mkoba mweusi, mwani na bakteria hupumua na kuipunguza. Hivyo kosa linaweza kwenda upande wowote, na huwezi kulirekebisha kwa kutoa au kuongeza namba fulani. Ukiandika sentensi hiyo katika jibu lako, mtahini atajua umeelewa. Mabadiliko ya joto ni sababu ya tatu, itumie iwapo swali linaomba zaidi ya mbili.

Upande huu wa viumbe unaeleza pia kwa nini saa ya kupima ina uzito sawa na mahali pa kupima. Mchana mwani huzalisha oksijeni kuliko inayotumika. Usiku kucha kila kiumbe bwawani hupumua na hakuna kinachozalisha, kwa hiyo kiwango hushuka hadi chini kabisa karibu na mapambazuko. Mfugaji akipima saa 8 mchana ataona bwawa lenye afya, na kesho alfajiri samaki wakaelea. Ndiyo maana kila kipimo cha papo hapo huandikwa pamoja na saa, kina na joto la maji. Bila hayo matatu, namba peke yake haimsaidii mtu.

Basi mtu asiye na mita ya kisasa afanyeje? Hapa kuna njia ya Winkler, iliyochapishwa na mkemia wa Hungaria Lajos Winkler mwaka 1888, na ni njia nzuri kwenu kwa sababu kemikali zake nyingi mnazifahamu. Akili yake ni hii: hupimi pale bwawani, lakini unaifunga oksijeni palepale bwawani ili isiongezeke wala kupungua safarini.

Chupa ya kioo yenye kizibo cha kioo huzamishwa ndani ya maji na kujazwa hadi ifurike, bila kubaki hata kiputo kimoja. Kisha, kwa pipeti ambayo ncha yake iko chini ya uso wa maji, hutiwa myeyusho wa manganizi(II) salfeti, na baada yake myeyusho wa alkali wenye aiodaidi. Huundwa shapo la manganizi(II) hidroksaidi, ambalo hukamata oksijeni yote iliyomo:

2Mn(OH)₂ + O₂ → 2MnO(OH)₂

Shapo likigeuka kahawia, oksijeni ipo. Likibaki jeupe, oksijeni hakuna, au ni kidogo mno. Unaona kwamba hata kabla ya hesabu, rangi imekwisha kukupa jibu la awali ukiwa bado ukingoni mwa bwawa. Chupa ikifungwa vizuri na kuwekwa gizani huweza kubebwa hadi maabara kwa saa chache. Huko huongezwa asidi ya salfyuriki, na aiodini hutolewa:

MnO(OH)₂ + 2I⁻ + 4H⁺ → Mn²⁺ + I₂ + 3H₂O

Aiodini hiyo hupimwa kwa sodiamu thayosalfeti kutoka kwenye bureti. Wanga hutiwa rangi ikishafifia kuwa njano hafifu, si mwanzoni, na mwisho ni pale rangi ya buluu inapotoweka:

I₂ + 2S₂O₃²⁻ → 2I⁻ + S₄O₆²⁻

Unganisha milinganyo yote mitatu, utapata kwamba moli 1 ya O₂ hulingana na moli 4 za thayosalfeti. Uwiano huu wa 1 kwa 4 ndipo alama nyingi zinapopotelea, kwa kuwa mtahiniwa huangalia mlinganyo wa mwisho tu akaandika 1 kwa 2.

Wiki moja baada ya msiba wa yule jirani nilirudi bwawani kwake alfajiri, nikaifunga oksijeni palepale. Sentimita 100 za ujazo za sampuli zilihitaji sentimita 1.6 za ujazo za thayosalfeti ya 0.0125 M. Fanya hesabu nami:

Moli za thayosalfeti = 0.0125 × 1.6 ÷ 1000 = 2.0 × 10⁻⁵
Moli za O₂ = 2.0 × 10⁻⁵ ÷ 4 = 5.0 × 10⁻⁶
Uzito wa O₂ = 5.0 × 10⁻⁶ × 32 = 1.6 × 10⁻⁴ g, yaani 0.16 mg katika sentimita 100 za ujazo
Katika lita 1: 1.6 mg

Linganisha 1.6 na ile 7 ya chupa ya bodaboda. Samaki wengi wa kufugwa hustawi panapokuwa na miligramu 5 au zaidi kwa lita. Sato ni mvumilivu, lakini uvumilivu nao una mwisho. Dawa aliyonunua haikuwa na kazi yoyote. Kilichohitajika kilikuwa kupunguza chakula na mbolea, kubadilisha maji, na kuyarusharusha maji hewani usiku.

Njia ya pili ni mita yenye elektrodi ya oksijeni, ambayo Leland Clark wa Marekani aliitangaza mwaka 1956. Ina kathodi ya platini na anodi ya fedha nyuma ya utando mwembamba unaopitisha gesi. Oksijeni hupenya utando na kupokea elektroni kwenye kathodi:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Mkondo wa umeme unaopita hulingana na oksijeni iliyopo. Kwa kuwa elektrodi yenyewe hula oksijeni, maji yaliyo mbele yake lazima yawe yanasogea. Ukiishika ikiwa imetulia katika maji yaliyotulia, namba itashuka polepole ingawa maji hayajabadilika. Faida kubwa ya mita ni kina: unaishusha kwa waya wake na kusoma kila baada ya mita chache. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na oksijeni iko katika tabaka la juu tu. Kipimo cha juu ya maji hakiwezi kukuambia lolote juu ya kilindi hicho.

pH nayo hupimwa papo hapo, na sababu yake ni kabonidayoksaidi. Maji ya kisima kirefu mara nyingi huwa na gesi hiyo nyingi iliyoyeyuka. Yakifika juu, gesi hutoroka, asidi ya kaboniki hupungua na pH hupanda. Mita ya pH husawazishwa kwanza kwa bufa za pH 4, 7 au 10 kulingana na maji unayotarajia, na elektrodi yake ya kioo haihifadhiwi katika maji yaliyokenekwa bali katika myeyusho wa potasiamu kloraidi. Joto la maji halihitaji maelezo: kipimajoto kisomwe kikiwa bado ndani ya maji.

Uangavu wa maji hupimwa kwa sahani ya Secchi, iliyopewa jina la padri na mwanafalaki Angelo Secchi aliyeifanyia majaribio katika Bahari ya Mediterania mwaka 1865. Sahani yenye upana wa sentimita 20 na robo zilizopakwa nyeusi na nyeupe hushushwa kwa kamba upande wa kivuli wa mtumbwi. Andika kina inapotoweka, ivute, andika inapoonekana tena, kisha tafuta wastani. Fundi wa bati yeyote anaweza kuwatengenezea.

Usije sasa ukaandika kwamba kila kitu lazima kipimwe papo hapo. Floraidi, ambayo imeyapa meno ya watu wengi wa maeneo ya Arusha na Mlima Meru rangi ya kahawia, haitoroki wala hailiwi na bakteria. Unaweza kuibeba katika chupa safi ya plastiki na kuipima baada ya siku kadhaa, ulinganishe na kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Kloraidi ni vivyo hivyo. Sampuli za metali hutiwa asidi ya naitriki hadi pH iwe chini ya 2 ili metali zisigande kwenye kuta za chupa.

Jaribu swali la mwisho kabla ya kusoma jibu.

Maji ya kisima yalikuwa meupe yalipotoka pampuni. Jioni maabara ilikuta chembe za kahawia chini ya chupa na pH tofauti na ya asubuhi. Eleza. (Alama 5)

Jibu: Maji ya chini ya ardhi yalikuwa na ayoni za Fe²⁺ na hayakuwa na oksijeni. Yalipogusa hewa, Fe²⁺ zilioksidishwa na kuunda shapo la kahawia la chuma(III) hidroksaidi: 4Fe²⁺ + O₂ + 10H₂O → 4Fe(OH)₃ + 8H⁺. Ayoni za H⁺ zinazotolewa hushusha pH, ilhali kutoroka kwa kabonidayoksaidi huipandisha, kwa hiyo pH ya jioni haiwezi kutumika kukisia ya asubuhi. pH ingepimwa kisimani, na sampuli ya kupima kiasi cha chuma ingetiwa asidi hapohapo.