Lenzi za Bei Nafuu kwa Viumbe Wadogo wa Uluguru

Mtu apandaye kutoka mjini Morogoro kuelekea Morningside aghalabu huigeuza kamera yake kuutazama mji ulio chini, ilhali uzuri adhimu wa milima ya Uluguru umejificha mvunguni mwa majani, katika maua ya Saintpaulia yashikayo miamba yenye unyevu, na katika yule kinyonga kibete ambaye wataalamu walimpa jina la Rhampholeon uluguruensis mwaka 1996, asiyepita urefu wa kidole.

Wengi waitamanio picha yake hukata tamaa waisikiapo bei ya lenzi ya makro. Nami nasema kwa yakini kwamba mwenye lenzi ya kuvuta ya milimita 55 hadi 250, ile nyepesi ya plastiki ipatikanayo hata ya mtumba, amekwisha kupata sehemu kubwa ya haja yake. Kilichosalia ni kioo cha kukuza kifungwacho mbele ya lenzi, ambacho nguvu zake hupimwa kwa dayopta: gawa milimita 1,000 kwa dayopta, nawe utapata masafa baina ya kioo na kiumbe, lenzi ikiwa imelengwa mbali kabisa. Kioo cha dayopta 2 hukuweka nusu mita kutoka kwa kinyonga, na hilo ni jambo kubwa, kwani akihisi amesogelewa huzunguka upande wa pili wa kijiti. Kwa lenzi ya milimita 250, taswira huwa nusu ya ukubwa halisi, hata katika kamera ambayo kihisio chake kina upana wa milimita 22, kiumbe wa milimita 44 huijaza picha yote. Kwa lenzi ya milimita 50, kioo hicho hicho hutoa sehemu moja ya kumi tu. Pete za kurefusha, zifungwazo baina ya lenzi na kamera, ni kinyume chake: huifaa lenzi fupi, na lenzi ndefu huiongezea kidogo mno.

Vioo vya tabaka moja, viuzwavyo kwa seti, ni rahisi, lakini hutia ukungu pembezoni na utepe wa zambarau kwenye majani yang'aayo. Heri kudunduliza ukanunua kimoja cha tabaka mbili, kama Canon 500D (kisichanganywe na kamera yenye jina hilo), baada ya kusoma kipenyo kilichoandikwa ukingoni mwa lenzi yako, mathalani milimita 58. Kioo cha Raynox DCR-250, cha dayopta 8, ni cha wadudu, na hukulazimu kusogea hadi sentimita 12 na nusu.

Katika ukuzaji wa nusu ya ukubwa halisi, hata ukilibana tundu la lenzi hadi f/11, sehemu itakayoonekana wazi haipiti milimita mbili tatu. Kwa hiyo lenga jicho, nawe usogeze kiwiliwili badala ya kuzungusha lenzi, na taa ya kamera uifunike karatasi nyeupe.

Ukinunua lenzi ya mtumba, imulike kwa tochi kutoka nyuma: nyuzi nyembamba za kuvu zikionekana ndani, iache, hata ikiwa ya bei ya kutupa.