Nyimbo za BEGIN na lugha inayofifia ya kisiwa cha Ishigaki

KATIKA wimbo mmoja wa Kijapani uliotolewa mwaka 2002, mwimbaji anakiri jambo ambalo wanamuziki wengi hawathubutu kulikiri hadharani: kwamba nyimbo za wazee wa kisiwa chake anazisikia na kuzipenda, lakini maana ya maneno yake haielewi.

Wimbo huo ni Shimanchu nu Takara, yaani Hazina ya Watu wa Kisiwa. Walioutunga ni BEGIN, bendi ya watu watatu kutoka Ishigaki, mojawapo ya visiwa vya Yaeyama katika mkoa wa Okinawa, kusini kabisa mwa Japani. Ishigaki iko takriban kilomita 2,000 kutoka Tokyo. Taiwan iko karibu nayo kuliko hata Naha, makao makuu ya mkoa.

Msomaji ambaye hajawahi kuisikia bendi hii huenda akauliza aanze na wimbo upi. Ushauri wetu ni kwamba asianze na ule uliovuma zaidi, bali aanze na wa kwanza, Koishikute, ili ajue vijana hawa walitoka wapi kabla hawajarudi nyumbani.

Higa Eishō ambaye ndiye mwimbaji, Shimabukuro Masaru mpiga gitaa na Uechi Hitoshi mpiga kinanda walikuwa marafiki tangu utotoni. Mwaka 1989 walijitokeza katika kipindi cha mashindano ya bendi kilichopeperushwa na runinga ya TBS, wakapata sifa, na Machi 1990 wakatoa Koishikute. Ni wimbo wa mapenzi wenye mwendo wa taratibu, uliojengwa juu ya kinanda na mahadhi ya bluzi ya Marekani. Maneno yake ni ya Kijapani sanifu. Anayeusikia bila kuambiwa hawezi kudhani kwamba waimbaji ni wa visiwani.

Hilo halikuwa ajabu kwa vijana wa rika lao. Visiwa hivi vilikuwa sehemu ya ufalme wa Ryukyu hadi Japani ilipovitwaa rasmi mwaka 1879. Lugha zake ni ndugu wa Kijapani, lakini mtu wa Tokyo hazielewi. Shuleni, mtoto aliyenaswa akizungumza lugha ya kwao alivishwa shingoni kipande cha ubao kilichoitwa hōgen fuda, akabaki nacho mpaka amnase mwenzake.

Wakenya waliosoma enzi za ukoloni, na hata baadaye, hawahitaji kufafanuliwa zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza adhabu iyo hiyo katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986. Inashangaza jinsi serikali mbili zisizoshauriana zilivyobuni hila moja ya kumfanya mtoto awe askari wa kumlinda mtoto mwenzake asizungumze.

Kisha vikaja vita. Mapigano ya Okinawa ya mwaka 1945 yaliua zaidi ya watu 200,000, na raia takriban mmoja kati ya kila wanne akapoteza maisha. Marekani ilivitawala visiwa hivyo hadi Mei 15, 1972. Mwaka 2009, UNESCO iliorodhesha Kiyaeyama miongoni mwa lugha zilizo katika hatari kubwa ya kutoweka.

Kwa hivyo BEGIN walipotoa albamu ya nyimbo za kwao mwaka 2000, iliyopewa jina la Omototakeo kutokana na mlima Omoto ulioko Ishigaki, hawakuwa wakibadilisha mahadhi tu. Ndani yake mna sanshin, ala ya nyuzi tatu iliyowambwa ngozi ya chatu, ambayo kambini baada ya vita watu waliiunda kwa mikebe mitupu. Katika albamu hiyo pia ndimo ulimo Nada Sōsō.

Historia ya Nada Sōsō inastahili kusimuliwa. Mwimbaji Moriyama Ryoko aliwaomba BEGIN wamtungie wimbo wenye ladha ya Okinawa. Walimpelekea lahani iliyokuwa na jina tu, bila maneno. Alipouliza maana ya jina hilo, alijibiwa kwamba ni machozi yanayotiririka. Papo hapo akamkumbuka kaka yake aliyefariki akiwa kijana, na maneno aliyoyaandika yakawa ni ya mtu anayepekua picha za zamani na kumtafuta asiyekuwepo.

Moriyama aliurekodi mwaka 1998. BEGIN wakafuata mwaka 2000. Hata hivyo, aliyeufikisha kila nyumba ya Japani ni Natsukawa Rimi, naye pia mzaliwa wa Ishigaki, aliyeutoa mwaka 2001. Mwaka 2006 ukazaa hata filamu yenye jina hilo hilo.

Tazama jina lenyewe. Chozi kwa Kijapani sanifu ni namida. Okinawa husema nada. Vivyo hivyo, kokoro, moyo, huwa kukuru, kwani e na o za Kijapani mara nyingi hugeuka i na u visiwani. Ni tofauti inayomkumbusha Mswahili jinsi njoo ya Kiunguja inavyokuwa ndoo kule Lamu. Lakini zaidi ya jina hilo, wimbo mzima ni Kijapani sanifu, na laiti usingekuwa hivyo, pengine usingevuma nchi nzima.

Hapo ndipo penye utata, na ndipo Shimanchu nu Takara unapopata uzito wake. Ulitoka Mei 2002, miaka 30 kamili tangu Okinawa irejeshwe kwa Japani, na chimbuko lake ni mawazo ya wanafunzi wa shule moja ya Ishigaki kuhusu kisiwa chao. Ubeti wa kwanza unauliza ni kiasi gani mtu anaijua mbingu ya alikozaliwa. Wa pili unaitazama bahari yenye matumbawe yanayochafuka na samaki wanaopungua. Wa tatu ndio ule wa kukiri: Tubarāma, wimbo mkongwe wa Yaeyama unaoshindaniwa Ishigaki kila mwaka, umekuwa maneno yasiyoeleweka kwa kijana anayeusikia usiku wa sherehe.

Wajuzi wataongeza jambo jingine la kuumiza. Nchu, mtu, ni neno la kisiwa kikuu cha Okinawa. Kwa Kiyaeyama halisi mtu ni pitu. Kwa maneno mengine, hata jina la wimbo wa kujivunia Ishigaki limeazimwa kwa jirani mkubwa. Wapo wanaoweza kusema kwamba huu ni urembo wa watalii. Mwandishi haafiki, kwa kuwa wimbo haudai kuiokoa lugha. Unasema tu ukweli kwamba imepotea masikioni mwa anayeimba, na ukweli huo ndio unaowafanya watoto wa Okinawa waukariri kama wimbo wa taifa.

Ukishausikia huo, tafuta Sanshin no Hana wa mwaka 2006, kuhusu sanshin ya babu iliyosahauliwa chumbani ikiwa imeegemea pombe ya kisiwa iliyohifadhiwa tangu mtoto alipozaliwa. Huo ndio bora zaidi kwa maoni yangu, ingawa nje ya Japani haujulikani sana. Kwa wanaopenda kucheza, upo Ojii Jiman no Orion Beer, unaoisifu bia ya Okinawa ambayo babu anajivunia. Hauhitaji maelezo, ila mkono wa kupiga makofi.

Aidha, usiusahau Umi no Koe, Sauti ya Bahari, uliotungiwa lahani na Shimabukuro na kuimbwa na mwigizaji Kiritani Kenta katika tangazo la simu mwaka 2015. Kiritani si mtu wa Okinawa, alizaliwa Osaka, lakini anaupiga kwa sanshin. Baada ya wimbo huo, vijana wengi wasio wa visiwani walianza kuitafuta ala hiyo madukani.

Na kama muda wako unatosha wimbo mmoja pekee, sikiliza Nada Sōsō mara mbili mfululizo: kwanza wa Moriyama, aliyefiwa, kisha wa Natsukawa, aliyezaliwa kisiwa kimoja na watunzi.