Gari la Marhumu Katika Matope ya Nyamira

Wasomaji wetu watukufu, na hasa kina mama ambao maswali yenu hunifikia kila juma, leo nawaomba radhi. Suala la mirathi nililoahidi kulijibu litangoja toleo lijalo. Wiki hii nitasimulia habari ya gari.

Dada yangu alinipigia simu usiku, baada ya sala ya Isha. Sauti yake ilikuwa kavu. "Kaka, mwanao ameniasi," akasema. Alikuwa ameona picha katika simu ya mkwewe. Mwanawe, ambaye ni mwalimu wa fizikia huko Nyamira, amevaa kofia ngumu, ameegemea Peugeot 504 ya marhumu babake, na mlangoni mwa gari pamebandikwa karatasi yenye nambari 6. Nyuma yake kuna vijiti vyekundu vilivyochomekwa ardhini na wingu la vumbi.

Sina budi kueleza kwa nini picha ile ilimliza. Shemeji yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki mwaka 2011 katika barabara ya Nairobi kuja Mombasa, akiwa abiria ndani ya basi, alfajiri. Gari lake mwenyewe alikuwa ameliacha uani siku hiyo ili lipumzike. Baada ya matanga dada yangu alilifunika turubai, likakaa hivyo miaka tisa, watoto wa mtaa wakilifanya mahali pa kujificha katika michezo yao. Mwanawe alipopata kazi bara, aliliomba na akapewa kwa sharti moja: la kwendea kazini na kurudia nyumbani, basi. Hakuambiwa akashindane nalo. Na alipoanza kushindana nalo, hakumwambia mamake.

"Nenda ukamkataze," dada yangu akaniambia. "Wewe ndiye utakayesikizwa."

Basi nikaenda. Nilipanda gari la moshi hadi Nairobi, na kutoka huko matatu iliyopita Narok, Bomet na Sotik. Ukishaipita Chepilat unaingia nchi ya Wagusii, na jicho la mtu wa pwani hushangaa: milima imesogeleana kama watu wanaonong'ona, kila kipande kimelimwa, hapa chai, hapa migomba, hapa ng'ombe wawili wamefungwa chini ya mti. Baridi yake si ya kanzu moja. Ijumaa niliswali Kisii mjini, pamoja na Wanubi wenyeji wa hapo, watu wakarimu, wakanipa mahamri nikajiona sijaondoka kwetu.

Njiani nilikuwa nimekwisha kuipanga hotuba. Ningeanza na haki ya mama, nifuatishe katazo la kujitia katika maangamizi, nimalizie na ubadhirifu. Mpwa wangu aliniandalia chakula, akanisikiliza nusu saa nzima kwa adabu, kisha akasema, "Mjomba, yote uliyosema ni kweli. Lakini njoo uone kwanza. Hakimu hahukumu kwa picha." Nikanyamaza. Neno lile nimelifundisha mwenyewe chuoni.

Uwanja wenyewe uko kati ya Keroka na mji wa Nyamira, nyuma ya banda la kukusanyia majani ya chai. Ni eneo pana la murram, juu limetambaa, chini lina mteremko na kona nne. Magari yalikuwa sita, yote ya zamani. Mwalimu ni mzee mmoja Mgusii aliyekuwa fundi wa magari ya mashindano katika miaka ya sabini. Wanafunzi wake humwita Omogaka, yaani mzee, nami nitamwita hivyo hivyo. Wanafunzi huchangia mafuta na kodi ya uwanja. Zawadi hakuna. Hukimbia mmoja mmoja, na mpinzani wa kila mtu ni saa iliyo mkononi mwa Omogaka. Nilifurahi kusikia hayo, kwani hofu yangu ya kwanza ilikuwa kamari. Na kweli, kijana mmoja aliyesimama kando ya kamba alitangaza kwamba anaweka shilingi mia mbili juu ya nambari 6. Kabla sijafungua kinywa, Omogaka alimtoa uwanjani yeye na simu yake.

Kuhusu mashindano yenyewe, msije mkadhani dini yetu imeyafunga yote. Mtume wetu (s.a.w.) aliwashindanisha farasi Madina. Wale waliokwisha kufanyishwa mazoezi walikimbia kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul-Wadaa, na wasiofanyishwa wakapewa masafa mafupi zaidi, hadi msikiti wa Banu Zurayq. Ibn Umar (r.a.), ambaye ndiye aliyetusimulia, alikuwa miongoni mwa washindani. Hilo la masafa mafupi nilikuwa nimelisoma mara nyingi bila kulitazama. Siku ile nililitazama, kwa sababu Omogaka naye aliwazuia wanafunzi wapya wasishuke mteremkoni. Walizunguka juu tu, mwendo wa pole.

Asubuhi yote ya Jumamosi hakuna aliyekimbia. Omogaka alikiweka kikombe cha chai juu ya boneti la Peugeot, akasukuma gari kwa mikono, kisha akalizuia ghafla. Chai ikamwagika mbele. "Hivyo ndivyo uzito unavyokwenda," akasema. Ukikanyaga breki, uzito wa gari hukimbilia tairi za mbele, na za nyuma hubaki nyepesi. Ukiukata usukani wakati huo huo, sehemu ya nyuma hutaka kutangulia, na wewe unajikuta ukitazama ulikotoka. Kwa hiyo breki hufungwa gari likiwa limenyooka, kabla ya kona. Ndani ya kona mguu hutulia. Mafuta huongezwa pale tu unapoiona njia ya kutokea. Na jicho lisitazame shimo, kwani mkono huufuata macho. Magari hayo ya kale hayana kompyuta ya kuiachia breki kwa niaba yako. Ukikanyaga kwa hofu na kung'ang'ania, tairi hufunga na gari huteleza kama sabuni. Hufunzwa kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia. Mpwa wangu alirudia zoezi hilo moja mpaka nikachoka kuhesabu.

Wakati wa chai Omogaka alitusimulia habari za Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kwa ajili ya kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mara nyingi yalikuwa wakati wa Pasaka, majira ya masika, na mvua ndiyo iliyokuwa mshindani mkali kuliko wote. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu. Mwaka 1968 saba tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, katika Peugeot 404. Lakini aliyempenda Omogaka zaidi ni jirani yake, Joginder Singh, Kalasinga aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, mwendo mfupi kutoka pale tulipoketi. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda katika Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine. Akashinda tena 1974 na 1976, hapo akiendesha Mitsubishi. Mzee alisisitiza neno moja: gari lilikuwa kuukuu. Alilirudia huku akimtazama kijana mmoja aliyekuwa akililalamikia gari lake tangu asubuhi.

Peugeot 504 nayo ina nasaba. Ove Andersson alishinda nayo Safari mwaka 1975. Sisi wa pwani tunaikumbuka kwa kazi nyingine, ile ya kubeba maharusi, wagonjwa na mizigo ya mikoko, na kila familia ina hadithi yake ya "Pijo". Tangu mwaka 2003 yako pia mashindano ya Safari ya magari ya kale, na mara kadhaa yamefika kwetu pwani, lakini hayo ni ya wenye mifuko mirefu.

Alasiri mvua ikanyesha, kama inavyonyesha huko karibu kila siku. Murram ikageuka uji. Mpwa wangu akanijia na kofia ya pili. "Mjomba, zamu yangu imefika. Utaketi nami?"

Nitasema ukweli, kwani nimezoea kuwataka nyinyi muuseme. Niliogopa, na nilitaka kwenda. Nikavua kilemba, nikavaa kofia ngumu, nikafunga mshipi, nikasoma dua ya kipando. Gari la marhumu lilikuwa na harufu ile ile ya kiti chake, na rozari yake ya mbao bado ilining'inia kiooni. Mzunguko wa kwanza ulipita salama. Katika wa pili, kona ya tatu, mkia wa gari ulitoka. Niliuona mti wa mkalitusi ukija upande wangu. Kijana hakupiga kelele wala hakukanyaga breki. Aliinua mguu, akaugeuza usukani kuelekea kule mkia ulikokwenda, kidogo tu, akaungoja. Gari likajinyoosha. Yote hayo hayakufika muda wa kusema bismillahi, nami sikuwahi kuimaliza.

Tuliposimama, mikono yake ilikuwa imetulia. Yangu ilitetemeka. Akaniambia polepole, bila kunitazama, "Mjomba, dereva wa lile basi alifunga breki ndani ya kona. Nilisoma taarifa ya polisi nikiwa kidato cha nne. Sikuwahi kumwambia Mama."

Ilinibidi nishuke nitembee kidogo kwenye matope.

Jumapili walikimbia kwa saa. Mpwa wangu alikuwa wa nne kati ya sita. Wa kwanza alikuwa muuguzi wa Kisii mjini, mama wa watoto watatu, Mnubi, ambaye mtandio wake ulikaa vizuri chini ya kofia, katika Volkswagen ya mgongo wa kobe, aina iliyoshinda Safari mwaka 1962. Yeye huendesha usiku kwenda zamu, katika barabara zenye malori na bodaboda zisizo na taa. Wanaume watano walimpigia makofi. Nami nikamkumbuka Mama Aisha (r.a.), aliyeshindana mbio na Mtume (s.a.w.) akamshinda, na baadaye akashindwa.

Nilimpigia dada yangu simu usiku ule, nikiwa bado na matope kwenye pindo la kanzu. Nilimwambia kwamba kosa la mwanawe ni kuficha, na kwamba nimemkemea kwa hilo nisimwachie nafasi ya kujitetea. Nikamwambia kwamba katika nchi ambayo barabara huua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka, nimeshindwa kumkataza kijana kujifunza kufunga breki. Lakini mama ni yeye, na neno lake liko juu ya langu. Akisema hapana, gari litarudi chini ya turubai. Kuhusu taarifa ya polisi sikusema. Hilo ni la mwanawe kumwambia, na ameahidi kulisema ana kwa ana.

Alikaa kimya muda mrefu. Nikasikia mlango wa ua ukifunguliwa. Nadhani alitoka kupatazama mahali lilipokuwa gari.

"Breki za babake," akauliza, "zilishika?"

"Zilishika."

"Mwambie anipigie kabla hajaanza na akishamaliza. Na hiyo karatasi ya nambari asiibandike kwa gundi, itaharibu rangi."