Mgrivea: Kuni Zipatikane na Maua Yasipotee

Msafiri atokaye mji wa Embu kwenda Meru, kwa barabara ipitayo Runyenjes, Chuka na Nkubu, huona mti wa namna moja kupita miti mingine yote. Umesimama mipakani mwa mashamba, umepangwa mstari kando ya kahawa na mahindi, shina lake limenyooka kama mlingoti. Majani yake yamechanika-chanika mithili ya majani ya kangaga. Juu ni ya kijani, na chini humeta kama fedha upepo uyageuzapo. Huo ndio mgrivea, ambao wenyeji wa miteremko hiyo ya Mlima Kenya huuita mukima, na wengine mubariti. Lakini msafiri huyo akipita barabara ile mwaka mzima, aweza kuhesabu mamia ya miti asione hata kichala kimoja cha maua. Mingi imenyolewa matawi yote, ikaachiwa kishungi kidogo tu kileleni, kama jogoo.

Hilo ni ajabu kidogo, kwa maana mti huu ulienezwa duniani kwa sababu ya uzuri wake pia, wala si kwa kuni na kivuli peke yake. Kwao ni mashariki ya Australia, katika nchi za pwani za Queensland ya kusini na New South Wales ya kaskazini. Huko, na katika miji mingi ya nchi za joto, hupandwa kandokando ya njia ili watu watazame maua yake ya rangi ya dhahabu na chungwa. Huko Ulaya kwenye baridi, miche yake hulelewa ndani ya vyungu, nayo hupendeza sebuleni kwa majani tu. Jina lake limetokana na Mwingereza Charles Francis Greville, mpenda bustani, mmoja wa watu walioanzisha Chama cha Bustani cha London mwaka 1804. Bwana huyo alifariki mwaka 1809, na mti wenyewe haukuandikwa katika vitabu vya elimu ya mimea mpaka mwaka 1830. Jina la pili, robusta, maana yake ni "wenye nguvu". Lakini kila aliyeona tawi la mgrivea likivunjwa na upepo wa Agosti na kuangukia paa la jikoni atakuwa na maoni yake juu ya jina hilo.

Katika karne ya 19 mti ulipelekwa India na Ceylon, nchi iitwayo Sri Lanka siku hizi, uwe kivuli cha chai na kahawa. Mwisho wa karne hiyo na mwanzo wa karne ya 20 ukafika Afrika Mashariki kwa kazi hiyo hiyo. Watu wa Meru na Embu walianza kuruhusiwa kupanda kahawa katika miaka ya 1930, na mgrivea ukaenea pamoja na kahawa. Mashamba yalipopimwa na kuwekewa mipaka katika miaka ya 1950 na 1960, kila mtu alitaka alama ambayo jirani hawezi kuing'oa usiku. Mgrivea ulifaa sana. Hukua upesi, hautapakai matawi ukiwa mchanga, na mizizi yake haiudhi mahindi kama ile ya mkaratusi. Tena una vijizizi vilivyokusanyika kama brashi, ambavyo huweza kupata chakula cha fosforasi katika udongo ambamo mimea mingine hukipata kwa shida.

Kila mwaka, kabla ya mvua, mazungumzo ya namna hii husikika mashambani. Kijana mpogoaji, panga kiunoni, husimama chini ya mti na kumwuliza mwenye shamba:

"Mzee, leo nikate mpaka wapi?"

"Kata yote, mwanangu. Mama watoto amesema jikoni hakuna kuni, na mahindi yanataka jua."

"Hata haya yaliyoanza kutoa maua?"

"Maua hayapiki githeri."

Mzee huyo hakukosa kabisa. Kuni ni lazima, na mahindi yaliyofunikwa na kivuli hayazai vizuri. Matawi yaliyokatwa humpa kuni bila kuua mti, majani hutandazwa chini ya kahawa au katika zizi la ng'ombe, na shina hubaki kwa mbao za miaka ijayo. Ila alilosema juu ya maua lahitaji kufikiriwa tena, kwa kuwa hasara yake haionekani siku ile ya kukata.

Maua ya mgrivea hayatoki kwenye chipukizi changa la mwaka huo. Hutoka hasa juu ya vijitawi vifupi visivyo na majani, katika matawi yaliyokwisha komaa. Basi mti upogolewao wote kila mwaka, au kila baada ya mwaka mmoja, hauna tawi lifikalo umri wa kuzaa ua. Huchipua, hukatwa, huchipua tena, nao waweza kuzeeka hivyo bila kutoa mbegu ya kutosha kujaza kibweta cha kiberiti. Mti ulioachwa kukua huanza kutoa maua upatapo miaka kama 6.

Yafaa kulitazama ua lenyewe kwa karibu. Kichala kimoja kina urefu wa sentimeta 8 hadi 15, na vijiua vyake vyote huelekea juu, upande mmoja, kama nywele za mswaki. Katika kila kijiua mna kijiti kirefu kilichopinda kama upinde, ncha yake ikiwa imeshikwa ndani. Ua likifunguka kijiti hujifyatua na kusimama, na nchani mwake umebandikwa chavua, yaani ule unga wa manjano wa kiume. Chini ya ua hujaa mbochi, maji matamu ambayo hata watoto wa mashamba huyajua, maana hupigisha vichala viganjani na kuramba. Ndege aingizapo mdomo kunywa, ncha ya kijiti humgusa kichwani na kumpaka unga. Baadaye unga ukiisha, ncha ile ile hugeuka kuwa ya kike, tayari kupokea unga wa ua jingine. Lakini mgrivea kwa kawaida huukataa unga wake mwenyewe. Lazima utoke mti mwingine, na ni bora usiwe ndugu wa tumbo moja.

Je, nani huuleta? Watu wengi husema nyuki. Uchunguzi uliofanywa magharibi ya Kenya, ukatangazwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba ndege ndio wafanyao sehemu kubwa ya kazi hiyo: chozi mwenye mdomo mrefu uliopinda, na kinengenenge, yule ndege mdogo wa kijani na manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Nyuki ni mdogo mno kwa ua hili. Huweza kuingia chini, akanywa na kutoka bila kugusa ncha ya kijiti. Kwa hiyo nyuki hula bila kulipa, na ndege humlipia.

Hata hivyo mfuga nyuki hana sababu ya kulalamika. Katika nchi ambayo msitu ulikatwa ili kahawa, chai na mahindi vipate nafasi, mistari ya migrivea ndiyo malisho makubwa ya nyuki yaliyosimama. Kahawa huchanua baada ya mvua kwa siku chache tu, kisha meza imefungwa. Miringa, kwa maua yake meupe, husaidia palipobaki. Mgrivea uliojaa maua hutoa mbochi nyingi sana, na kundi la nyuki lililoshiba hukaa mzingani, halihamii Tharaka. Nyuki hao huizuru na kahawa pia. Kahawa ya arabika huweza kujizalisha yenyewe, lakini hushika matunda zaidi maua yake yakitembelewa na nyuki. Mkulima anyoaye miti yake yote aweza kuona mizinga ikibaki mitupu na kudhani amerogwa.

Basi mti upogolewe namna gani? Miaka miwili ya kwanza usiguswe, ila ukitoa vilele viwili, kimoja kiondolewe. Baadaye matawi ya chini huondolewa pole pole kadiri mti urefukavyo, lakini panga lisipande kupita nusu ya kimo chake. Mti mchanga uliobakiwa na majani machache hunenepa polepole, na mwenyewe atakapoita wapasua mbao ataambiwa kwamba shina ni jembamba. Mti mkubwa ubakishiwe theluthi nzima ya juu pamoja na matawi yake ya zamani. Huko ndiko maua yatakapotoka. Kivuli chake, kikiwa juu hivyo, hutembea pamoja na jua wala hakilali juu ya mahindi siku nzima.

Lililo bora zaidi ni kutopogoa miti yote kwa pamoja. Mwenye miti 30 mpakani akate 10 mwaka huu, 10 mwaka ujao, na 10 mwaka wa tatu. Jikoni hapatakosa kuni mwaka wowote, wala hapatakuwa na mwaka ambao jikoni pamejaa hata kuni zikaoza. Tena achague mitano au sita isiyoguswa matawi ya juu kamwe, mahali ambapo kivuli hakidhuru: kando ya barabara, ukingoni mwa makorongo, penye mawe. Karibu na nyumba isiwepo, kwa sababu iliyokwisha tajwa.

Wakati wa kukata ni mwisho wa kiangazi, kabla mvua hazijaanza, ili mimea ipate jua na mti upate maji ya kuchipulia. Lakini ikiwa mti u katika maua, ni heri kungoja mpaka yapukutike. Majuma machache hayawezi kuangamiza shamba. Tawi nene hukatwa kwanza kwa chini kidogo, ndipo likatwe kwa juu, lisije likaanguka na kuchuna ganda la shina. Jeraha liwe karibu na shina, pale penye mkunjo ambapo tawi huanzia, lisilichubue shina lenyewe. Wapogoaji wengine huacha vigutu virefu viwe ngazi ya kupandia mwaka ujao. Ni akili kwa miguu yao, ila kila kigutu huingia ndani ya mbao na kuwa fundo, na mara nyingine huoza na kufungua mlango kwa ugonjwa. Msumeno mkali ni bora kuliko panga butu. Kukata kilele chenyewe kwafaa tu ikiwa mwenye mti hataki mbao bali kuni peke yake, kwani shina haliendelei tena juu ila huchipua kama ufagio.

Mambo mawili ya hatari yakumbukwe. Unga wa mbao na maua ya mgrivea huwasha ngozi za watu wengine hata zikavimba. Mtu wa namna hiyo avae mikono mirefu au amwachie mwingine kazi. La pili ni kwamba mzinga usitundikwe katika mti utakaopandwa na mpogoaji. Nyuki wa Afrika hawajui kwamba aliye na panga ametumwa na mwenye mzinga.

Ushauri huu ni wa nchi ya kahawa na ya chai. Huko chini Mbeere, ambako mvua ni chache, mgrivea hushambuliwa na mchwa, na ugonjwa wa ukungu ufanyao vidonda katika shina hukausha mti kuanzia kileleni. Wa Mbeere mwenye kutaka malisho ya nyuki atafanya vema kutunza migunga yake ya asili, ambayo imezoea kiu.

Kuhusu mbegu, kosa la kawaida ni kuchimbua miche iliyojiotea chini ya mti mmoja na kuipanda shamba zima. Shamba hilo litakuwa na ndugu watupu, na wataalamu wamekuwa na shaka kwa muda mrefu kwamba migrivea ya Afrika Mashariki imetokana na mama wachache mno. Ni bora kuchuma mbegu katika miti mingi iliyonyooka, iliyo mbalimbali, au kununua katika Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, Muguga. Vitumba hukomaa kama miezi miwili baada ya maua. Vikianza kuacha rangi ya kijani na kuwa vya kahawia, vichumwe vingali vimefumba, kwani kila kimoja kina mbegu mbili zenye mabawa, na kikipasuka juu ya mti upepo huchukua zote. Vianikwe juu ya gunia kivulini mpaka vifunguke vyenyewe. Mbegu hazikai sana na uzima wake, kwa hiyo zisiwekwe juu ya dari kungoja mwaka ujao. Zikipandwa kitaluni huota kwa majuma mawili hadi manne, na miche ikifika kimo cha sentimeta 30 au 40 huwa tayari kwa shamba. Mashimo yachimbwe Septemba, mita mbili na nusu baina ya shimo na shimo, hatua moja ndani ya mpaka ili jirani asiwe na la kusema, na miche itiwe ardhini mvua za Oktoba zikishalowesha udongo.