Baada ya Desemba, binti anabaki na nani?

Shule zikifungwa Desemba, msimu wa ukeketaji huanza katika wilaya za Serengeti na Tarime. Msichana wa Issenye akisikia zamu yake imewadia, kimbilio lake ni Nyumba Salama ya Mugumu. Mwenzake wa Tarime hukimbilia kituo cha Masanga. Januari wazazi huitwa, huahidi kwamba hawatamkata, na mabinti wengi hurudi nyumbani. Nazungumzia wale ambao baba amewafungia mlango.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu mtoto kama huyu alelewe na familia nyingine, chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Kwangu hiyo ni njia bora kuliko kukaa kituoni miaka nenda rudi. Ila mlezi aambiwe mapema atakachokutana nacho. Binti huamka kabla ya alfajiri kuosha vyombo ambavyo hakuna aliyemtuma kuviosha. Mezani ni wa mwisho kunawa. Usiku mbwa akibweka, utamkuta ameketi kitandani, viatu miguuni. Majirani husema mtoto ana adabu kweli. Mara nyingi hiyo si adabu, ni kiwewe. Mwili uliojifunza kwamba hatari hutokea ndani ya nyumba hauachi kujihami kwa sababu tu nyumba imebadilika: moyo hudunda, usingizi hukatika, na darasani hesabu haziingii.

Kuna jingine zito zaidi. Mtoto akiogopa, humkimbilia mama. Huyu amemkimbia mama, na bado anampenda. Hujiona ameaibisha ukoo, hulia kwa siri akikumbuka wadogo zake. Mlezi anayewatukana wazazi wake, hata kwa nia njema, anamwongezea kidonda. Amwache awataje, awalilie, na siku moja suluhu ikiwezekana, asimzuie.

Je, atapona? Wengi hupona. Mwanasaikolojia Emmy Werner aliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Katika wale waliokulia kwenye shida nyingi, karibu theluthi moja walikuja kuwa watu wazima timamu wenye kujitegemea. Jambo moja lilijirudia katika maisha yao: alikuwepo walau mtu mzima mmoja aliyewajali bila kuyumba, awe bibi, mwalimu au jirani. Na tiba si lazima isubiri daktari bingwa. Huko Moshi, na Bungoma nchini Kenya, washauri wa kawaida waliopewa mafunzo waliendesha vikao vya vikundi kwa watoto waliofiwa na wazazi. Vikao vilipokwisha, katika maeneo matatu kati ya manne, dalili za kiwewe zilikuwa zimepungua zaidi kuliko kwa watoto waliopata huduma za kawaida.

Lakini katika vikao vile mtoto husimulia hatua kwa hatua, kwa mtu anayemwamini, na kesho yake humkuta tena. Kumsimamisha binti asimulie mkasa wake kwa kila mgeni anayeteremka kwenye gari si tiba. Ni kumuumiza upya, na kuachwe.

Ukiwa Issenye, Natta au Mugumu na nyumba yako ina nafasi na utulivu, nenda kwa afisa ustawi wa jamii ujiandikishe kuwa mlezi. Ukijua mtoto aliye hatarini, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo. Usingoje Desemba.