Jeki ya gari na tela: Pima kimo kabla ya tani

Na Mwandishi Wetu, Musoma

MFANYABIASHARA anayepeleka sangara wa barafu kutoka Musoma hadi Mwanza huhesabu mafuta, ushuru na posho ya utingo. Jeki haimo katika hesabu zake. Huikumbuka tairi inapopata pancha kabla ya kufika Bunda, saa saba mchana, barafu ikiyeyuka.

Katika maduka ya spea zipo aina tatu zinazobebeka. Jeki ya mkasi huja na gari dogo. Ni nyepesi, lakini ilikusudiwa gari hilo tu. Jeki ya chupa hutumia oili, hunyanyua uzito mkubwa kwa nguvu ndogo ya mkono, nayo lazima isimame wima. Jeki ndefu ya meno hunasua gari matopeni, ila ni nzito, huyumba, na mpini wake ukiponyoka unaweza kuvunja taya.

Wanunuzi wengi husoma tani zilizoandikwa kwenye kibandiko, wakatoa fedha. Hapo ndipo wanapokosea. Jeki haibebi gari zima, hubeba kona moja. Tela ya ekseli moja yenye kilo 1,500 pamoja na mzigo huegemeza kama kilo 700 juu ya kila gurudumu. Jeki halisi ya tani mbili inatosha, na akiba inabaki.

Kinachokwamisha watu ni kimo. Mwandishi wa makala haya aliwahi kukaa saa nne njia ya Butiama, baada ya kuiacha Makutano, akiwa na jeki mpya ya tani tano ambayo haikuingia chini ya tela. Tairi ilikuwa imelala, nafasi ni sentimita 17, jeki ni 20. Tulichimba kwa panga. Ilipoingia, ikaanza kuzama.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, pima nafasi tairi ikiwa haina upepo, kisha hakikisha jeki inapanda kiasi cha kupisha tairi iliyojaa. Nunua na ubao. Kitako cha sentimita 10 kwa 10 kikibeba kilo 700 hugandamiza kilo 7 kwa kila sentimita ya mraba. Udongo mweusi wa mbuga haustahimili hayo wakati wa masika. Ubao mgumu wa 30 kwa 30 huishusha hadi chini ya kilo moja. Seremala yeyote atakukatia.

Tela usiifungue kutoka kwenye gari. Vuta breki ya mkono, zuia kwa mawe magurudumu yaliyobaki chini, uweke jeki kwenye ekseli au chasisi, kamwe si kwenye bodi. Wageni wanaokokota karavani kuelekea lango la Ndabaka wajue kuwa miguu ya pembeni ni ya kuituliza, si ya kuinyanyulia. Na mtu asiingie chini ya kitu kilichoshikwa na jeki peke yake.

Dukani, omba jeki ijaribiwe chini ya gari kwa dakika kumi. Ikishuka, au oili ikionekana kwenye bomba la kupandia, sili zimekwisha. Muuzaji akikataa jaribio, nenda duka la pili.

Wenye maduka nao wajihadhari na mzigo wa bei ya kutupa wenye nembo za kuigiza. Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia, na mtaji utakaopotea ni wa mwenye duka, si wa aliyemletea.