Meno ya Kupandia Mlima wa Bogoro

Samaki wa Kasenyi na Tchomia hawafiki soko la Bunia bila kupanda. Uso wa Ziwa Albert uko mita 620 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bunia iko juu ya mita 1,200. Katikati kuna ukuta wa Bonde la Ufa na barabara inayopanda kuelekea Bogoro. Pikipiki ya cc 125 iliyobeba dereva, mwenye mali na mzigo wa samaki hufika mahali gia ya pili inashindwa na ya kwanza inalia kwa uchungu. Hapo wengi hulaumu injini. Mara nyingi injini haina kosa lolote; kilichokosewa ni hesabu ya meno.

Hesabu hiyo si ngumu. Cheni huunganisha spoketi mbili: ndogo ya mbele inayozungushwa na gia boksi, na kubwa ya nyuma iliyofungwa kwenye gurudumu. Tuseme ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42. Ile ndogo itazunguka mara 3 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukiitoa na kuweka yenye meno 13, itazunguka mara 3.23. Nguvu inayofika kwenye tairi imeongezeka kwa karibu asilimia 8, na injini haijafunguliwa hata boliti moja. Malipo yake ni mwendo: pale injini ilipokupeleka kilomita 60 kwa saa, sasa, ikizunguka vile vile, itakupeleka 56 hivi.

Anayeishi nyanda za juu kama Ituri ana sababu nyingine ya kuifikiria hesabu hii. Kadiri mtu anavyopanda, hewa inapungua uzito, na injini ndogo ya kabureta hupoteza nguvu pamoja nayo. Kwenye kimo cha Bunia, upungufu huo unapita asilimia 10 ukilinganisha na usawa wa bahari. Ongeza udongo mwekundu ulioloa mvua, ongeza gunia la pili, na meno yaliyopangwa kiwandani India kwa matumizi ya kila aina yanakuwa mazito kwa kazi ya hapa.

Jino moja likipunguzwa mbele hutoa matokeo yanayokaribiana na meno matatu yakiongezwa nyuma. Wengi huchagua njia ya mbele kwa kuwa spoketi ndogo ni ya bei nafuu na mara nyingi cheni ile ile inatosha. Ni njia halali, ila ina gharama iliyojificha. Cheni inayozunguka meno 13 hupinda karibu digrii 28 katika kila pingili. Kwenye meno 15 hupinda digrii 24. Kupinda huko, maelfu kwa maelfu ya mara kwa siku, ndiko kunakosaga pini zake. Kwa anayepanda mlima wa Bogoro kila siku na mzigo, ni heri kununua spoketi kubwa zaidi ya nyuma pamoja na cheni ndefu kidogo. Atalipa zaidi leo na atakaa muda mrefu kabla ya kurudi dukani.

Si kila njia inataka hivyo. Anayeelekea Mongbwalu kwenye machimbo ya dhahabu, na vidumu vya mafuta nyuma, anahitaji nguvu ya chini kwa ajili ya vilima na madimbwi. Anayezunguka mjini, kwenye Boulevard de la Libération na mitaa ya jirani, na abiria mmoja mmoja, anapunguza meno ya mbele bila faida: injini itapiga kelele siku nzima na kunywa petroli bila sababu.

Vijana wanaopenda pikipiki za magurudumu manne za mchezo hupiga hesabu hiyo hiyo. Yamaha Banshee, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1987 na bado ina wapenzi wengi, ilitoka kiwandani na meno 14 mbele na 41 nyuma. Mwenye nayo huamua kwanza kama ataipeleka kwenye uwanda mpana wa mchanga au kwenye njia nyembamba zenye kona nyingi, ndipo anunue spoketi.

Cheni nayo ina namba yake, na namba hiyo haijadiliwi na muuzaji. Pikipiki nyingi za mizigo na abiria hutumia 428. Banshee hutumia 520. Tarakimu ya kwanza huonyesha umbali kati ya pini na pini kwa sehemu za nane za inchi: 4 ni milimita 12.7, na 5 ni karibu milimita 15.9. Kwa hiyo cheni ya 520 haiwezi kukaa kwenye meno ya 428, hata fundi aipige nyundo namna gani. Umbo lenyewe la cheni hii ni la zamani: Hans Renold, Mswisi aliyefanya kazi Manchester, alilipatia hataza mwaka 1880.

Kujua kama cheni imekwisha hakuhitaji mashine. Ishike mahali inapozunguka spoketi ya nyuma, upande wa nyuma kabisa, uivute kuelekea kwako. Ikiachana na spoketi hadi ukaona nusu ya jino, imekwisha. Mwenye rula atapata jibu la uhakika zaidi: katika cheni mpya ya 428, pingili 20 zikinyooshwa zina urefu wa milimita 254. Zikifika 259, itoe. Tazama na meno pia. Yaliyolika hujikunja upande mmoja kama ndoano. Na hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu mtu hununua cheni mpya na kuifunga juu ya meno ya ndoano, nayo inavutika upesi ilingane na uchakavu iliokutana nao. Cheni na spoketi zote mbili hubadilishwa pamoja.

Adui mkubwa ni vumbi lililochanganyika na mafuta machafu. Oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini, ambayo wengi huipaka kwa kuwa haina bei, ina chembe za chuma ndani yake. Isafishe cheni kwa mafuta ya taa na brashi, uifute ikauke, kisha upake oili nzito ya gia kwa upande wa ndani, ili ikizunguka iisukume kuingia kwenye pini. Kama kuna kasha la kufunika cheni, liachwe mahali pake hata kama linagongagonga.

Siku ya kufunga cheni mpya, klipu ya kiungo iwekwe upande wake uliozibwa ukitazama mwelekeo cheni inakokwenda, la sivyo jiwe au tope laweza kuing'oa. Kisha ulegevu upimwe katikati ya cheni, upande wa chini. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni milimita 25 hadi 35, na kitabu cha pikipiki ndicho kinachoamua. Baada ya hapo watu wawili wakae juu yake na fundi apime tena, maana mzigo ukishusha nyuma ya pikipiki, cheni hukaza. Iliyokazwa vizuri pikipiki ikiwa tupu gereji inaweza kuvutika kama waya pale Kasenyi mzigo ukishapakiwa, na kinachoumia kwanza ni beringi ya gia boksi.